Wasifu wa Pili wa Mama Severina

Kinyangiri,
14 Aprili 2023

Mwanangu Severina,

Pokea salamu za baba yako. Huku tunaamka, tunakula kilichopo, tunalala. Siku ikiisha nashukuru kwamba imeisha. Mwandiko unaouona ni wa Mwalimu Hezekia, aliyekuwa mwalimu mkuu wangu, ambaye tangu astaafu ni jirani yangu na sasa amekuwa na kalamu yangu pia. Macho yangu siku hizi hayatulii kwenye karatasi. Ni umri, mwanangu, na vumbi la msiba. Ningekupigia simu, lakini mtandao wenu wa Rungwa ni wa kubahatisha, na mimi nikishika simu nasahau nilichotaka kusema. Barua hii itapewa kondakta wa basi la Itigi kama tulivyozoea.

Alizeti imeinamisha vichwa na sijui nani ataikata. Jana nilisonga ugali ukawa uji, nikaunywa hivyo hivyo. Kuku wa mama yako bado wanakuja mlangoni asubuhi, wananitazama, wanaondoka.

Sasa sikia ninachotaka. Unajua wasifu wa mama yako uliosomwa siku ya mazishi uliandikwa na baba yako mdogo Sostenes, jeneza likiwa njiani kutoka hospitali. Aliandika akiwa amesimama, karatasi ameiweka juu ya boneti ya gari. Aliandika kwamba mama yako alizaliwa mwaka ambao bibi yako alikuwa hajaolewa. Mimi alinitaja mara moja tu, kwenye ndoa. Kisha akasema, "Marehemu alikuwa mchapakazi, hakukosa kazini hata siku moja kwa miaka thelathini na minne," akakunja karatasi, akakaa. Watu wakaitikia amina. Mimi nikabaki nauliza moyoni, huyu tunayemzika ni nani?

Jumamosi tarehe mosi Julai tunasimamisha msalaba wa saruji pale kaburini, nyuma ya nyumba. Mchungaji amekubali wasifu usomwe upya. Nataka uandike wewe, mtoto wake wa kwanza, uje uusome kwa mdomo wako. Hukuwahi mazishi, na sababu naijua, sikulaumu. Mama yako alistahili maneno bora kuliko yale. Asipoyapata siku hiyo hatayapata tena, maana mimi nimechoka na sitaitisha watu mara ya tatu.

Baba yako,
Zefania Msengi


Rungwa,
2 Mei 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwalimu Hezekia naye shikamoo, na ahsante kwa mkono wake. Pole na macho. Usiyapake dawa ya dukani, nakuomba.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Mwenzangu yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo zahanati nzima ni mimi na mhudumu mmoja. Siku Mama alipozikwa daraja lilikuwa limekatika, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba hata lisingekatika nisingeondoka. Nilikuwa na mama mmoja aliyeletwa kwa baiskeli, mtoto amekaa vibaya, na hakukuwa na mtu mwingine. Nilimzalisha salama, kisha nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nikalia mpaka wagonjwa wakanipa pole.

Kuhusu wasifu, Baba, siwezi. Umwombe Abraham. Yeye ni kitinda mimba, alimpata Mama zaidi yangu, na huko njiani na lori lake ana muda wa kufikiri.

Usikasirike, nitasema ukweli. Sentensi ya baba mdogo Sostenes ndiyo hiyo hiyo ningeiandika mimi. Hakukosa kazini hata siku moja. Sisi ndio tuliomkosa. Akirudi ofisini anapika, anaosha vyombo, kisha anawasha taa ya mezani na kutandaza kazi zake. Nikisogea na daftari langu anazifunika kwa khanga na kuniambia, "Kaa huko, hizi ni kazi za watu." Nilikulia ng'ambo ya ile khanga. Nilipokwenda bweni Manyoni wasichana wenzangu walipata barua za mama zao. Mimi miaka sita sikupata hata moja ya Mama. Nilipata za kwako. Mwishoni kila mara palikuwa na mstari mmoja, "Mama yako anakusalimu," basi.

Za kwako ninazo zote, ziko kwenye bati la biskuti hapa chini ya kitanda. Nilipofeli hesabu kidato cha pili uliniandikia kwamba wewe pia uliwahi kufeli na ukajificha kwenye shamba la mtama hadi njaa ikakutoa. Nilicheka nikiwa nalia. Na ile ya kidato cha nne, nilipotaka kukata tamaa: "Soma mpaka uchoke. Nyumbani hakuna kinachokungoja ila ng'ombe, na ng'ombe wana mchungaji." Kwa maneno yale, Baba, leo mimi ni muuguzi.

Ukifa wewe, Mungu apishe mbali, nitaandika wasifu kurasa kumi. Wa Mama sijui niseme nini. Sikumjua.

Nimekutumia asali, dumu la lita tatu, usimpe Sostenes.

Mwanao,
Severina


Kinyangiri,
20 Mei 2023

Mwanangu,

Asali imefika. Barua pia imefika, na ilifika vizuri kuliko nilivyotaka.

Hezekia aliponisomea, alipofika kwenye ng'ombe nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia basi, aende nyumbani. Alirudi siku ya tatu, nikamfukuza tena. Leo nimemwita mwenyewe. Nimemwonya kwamba haya nitakayoyasema yanamhusu yeye kama aliyekuwa mkuu wangu, na aandike kila neno bila kunisahihisha.

Severina, zile barua si zangu.

Macho yangu hayakuharibika kwa vumbi la msiba. Yalianza mwaka 2005, wewe ukiwa darasa la tano. Ni presha ya macho. Yaliliwa kutoka pembeni, taratibu, mpaka nikabaki na tundu dogo la kuonea, kama mtu anayechungulia kwenye ufa wa ukuta. Kutembea njia ninayoijua niliweza. Kusoma na kuandika vilinishinda kabisa. Nilifundisha hivyo miaka tisa hadi nikastaafu, na nilifundisha kwa kichwa, maana masomo yangu niliyajua kama jina langu. Lakini mwalimu ana maandalio ya somo ya kukaguliwa, ana madaftari ya kusahihisha. Hayo aliyafanya mama yako. Aliuiga mwandiko wangu wa kulala mpaka mimi mwenyewe, nilipokuwa bado naona kidogo, nilishindwa kuutenga na wangu. Zile ndizo kazi za watu alizofunika kwa khanga. Yalikuwa madaftari ya darasa la sita, watoto sabini na wawili.

Alinisihi niende hospitali ya macho. Nilikataa. Daktari angeandika barua, barua ingekwenda kwenye jalada langu, na wakati ule majalada yetu walimu yalipita mezani kwa mama yako, karani wa ofisi ya tarafa. Unamjua. Karatasi ikishafika masjala asingeipoteza hata kwa ajili yangu. Kwa hiyo nilihakikisha karatasi hiyo haiandikwi. Utaniuliza niliogopa nini. Niliogopa kuitwa kipofu. Niliogopa kukaa kwenye kigoda hapa uani nikimsubiri mke arudi kazini, watu wakipita wananisalimia kwa huruma. Ni majivuno tu, Severina, sina jina jingine la kulipa.

Barua zako nazo ziliandikwa mezani pale pale. Mwanzoni aliniuliza, "Niseme nini kwa mtoto?" nikamjibu, "Sema tu tunamsalimu." Baadaye hakuuliza. Hakutaka ujue kwamba baba yako hawezi kuandika, ndiyo maana aliandika kwa jina langu. Mwanamke aliyefeli hesabu akajificha kwenye mtama ni yeye. Mimi sikuwahi kufeli hesabu.

Alichoka mbele yangu. Alikuwa akilalamika kichwa, nikamwambia apumzike Jumapili. Kazi mbili kwa miaka tisa, na watoto, na mimi nikimwegemea kama fimbo. Nilipostaafu alidhani atapumzika, kumbe mwili ulishatoa ulichokuwa nacho. Alibakiza mwaka mmoja tu naye astaafu.

Sasa andika wasifu. Andika yote haya, na yasomwe nikiwa nimekaa mbele pale.

Baba yako,
Zefania

Severina binti yangu, hapa sasa naandika mimi mwenyewe, Hezekia. Mzee hajui kwamba naongeza. Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa nakagua maandalio kila Ijumaa, nikaona kila ukurasa juu kulia una namba ndani ya duara, kwa wino mwekundu. Mwalimu hafanyi hivyo. Hivyo hufanya karani wa masjala akiingiza karatasi kwenye jalada. Marehemu hakujua kwamba mkono wake unamsema. Nilitia saini, nikanyamaza, kwa sababu wanafunzi wa Zefania walikuwa wakifaulu. Tazama barua zako, juu kulia. H. Kitundu.


Rungwa,
3 Juni 2023

Baba,

Shikamoo.

Nimetazama. Zipo namba, zote, ndani ya duara. Miaka yote hii nilidhani ni tabia ya walimu. Zinaanzia moja hadi ishirini na sita, hakuna iliyoruka.

Mimi ni muuguzi, nimelala likizo ngapi kwenye nyumba yako, na sikuona. Namkumbuka Mama akikuwekea kikombe mkononi badala ya mezani, nami nikiwaza, mwanamke huyu anamdekeza mume kuliko watoto. Namkumbuka akisema, "Baba yenu hapendi kusumbuliwa kusomasoma akiwa nyumbani." Nikamchukia kwa hilo.

Lakini nina neno na wewe pia, nivumilie. Mwezi wa pili nilifiwa na mama nisiyemjua. Mwezi wa tano umeniletea habari za mama niliyekuwa naye miaka yote, ila umeondoka na baba yangu. Yule aliyenichekesha Manyoni, aliyeniambia nisome, sasa hayupo. Wewe ni nani? Nimekaa na wewe meza moja, nakuheshimu, nakuombea, lakini niliyempenda alikuwa kwenye bati la biskuti.

Nijibu jambo moja tu. Katika hizo ishirini na sita, ipo hata moja ambayo maneno yake ulisema wewe?

Severina


Kinyangiri,
12 Juni 2023

Mwanangu,

Hezekia amesema nisijibu hili, kwamba wazee wana haki ya kunyamaza. Nimemwambia nimeshanyamaza vya kutosha.

Ipo moja niliyoisema mimi. Haikukufikia.

Ulipokuwa kidato cha nne uliandika kwamba masomo yamekuelemea. Nilimwita mama yako nikamwambia aketi, aandike kama ninavyosema. Nilisema hivi: mtihani ukiisha urudi nyumbani, sekondari inatosha kwa mtoto wa kike, mama yako kazi zimemzidi, kuna mdogo wako wa kutunzwa na ng'ombe wa kuangaliwa. Ukweli ni kwamba nilitaka mtu wa kunisaidia macho. Nilitaka uyashike wewe hayo madaftari. Aliandika yote, hakunibishia neno. Alipomaliza akanisomea, na alinisomea kama nilivyosema, bila kupunguza. Nikaridhika. Akaifunga bahasha mbele yangu.

Kumbe kwenye karatasi aliandika mengine. Uliporudi likizo ukaendelea na kidato cha tano, nilidhani umenikaidi, na nilikuwa baridi kwako mwaka mzima. Labda unakumbuka. Mama yako aliona yote hayo akanyamaza. Nimeyajua mwezi uliopita, Hezekia aliponisomea maneno ya ng'ombe. Ndiyo sababu nilimwambia arudie. Miaka kumi na miwili nimekaa na mwanamke aliyenidanganya mara moja tu, na alifanya hivyo ili usije kuwa macho yangu. Kazi hiyo akaibeba yeye hadi mwisho.

Umeniuliza mimi ni nani. Ni huyo.

Kama hutaki kuandika wasifu, sasa sitakulazimisha. Sostenes ameshaanza kusema kwamba ule wake haukuwa na kasoro.

Zefania


Rungwa,
26 Juni 2023

Baba,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni pa zahanati, foleni ikinisubiri. Nikaikunja, nikaendelea kuchoma sindano. Jioni nikaisoma tena. Nilitaka kukuchukia na nilikuwa na kila sababu, lakini nilikuwa nimechoka mno. Halafu nikafikiri, mzee huyu angeweza kusema "Zipo tatu, zile nzuri," nami nisingejua kamwe.

Nimeandika wasifu, na unao hapa. Karatasi ya kwanza ina mambo ambayo kila mtu anayajua: kuzaliwa kwake, ndoa, watoto wawili, ofisi ya tarafa, baadaye masjala kule Nduguti. Nimeweka na mambo aliyoniambia mama mmoja aliyewahi kufanya kazi naye, anayeitwa Klara, niliyempata kwa simu siku niliyopanda mlimani kutafuta mtandao. Kwamba mkulima akija na karatasi asiyoielewa, Mama aliondoka dirishani kwake, akakaa naye kwenye ngazi, akamsomea. Kwamba chai ya saa nne hakunywa, alitumia dakika hizo kulaza kichwa kwenye meza.

Karatasi ya pili ina yale uliyoniambia. Madaftari, khanga, maandalio, barua zangu. Ile moja sikuiandika. Hiyo ni yetu watatu, na Mwalimu Hezekia. Lakini hata hayo mengine, Baba, Mama aliyaficha kwa miaka mingi na kwa mkono wake, mimi siwezi kuyafichua kwa wangu. Uamuzi ni wako. Ukitaka, Mwalimu aishie karatasi ya kwanza, hakuna atakayejua.

Kuja siwezi. Niliahidiwa mtu wa kunishikia zamu, hakutokea, na nina akina mama wanne wa kujifungua wiki hii. Najua itakavyosemwa huko. Waambie wanaouliza kwamba niko kazini.

Kingine. Nimeandika barua ya kuomba uhamisho nije zahanati ya karibu na hapo. Ila nimeiweka chini ya bati la biskuti na sijaituma. Lakini nani atakaa na wewe? Abraham ni mtu wa barabarani. Nikikuwaza na ugali wako wa uji sipati usingizi. Sema neno, nitaituma kwa basi la kwanza.

Mwanao,
Severina


Kinyangiri,
4 Julai 2023

Mwanangu Severina,

Tumemaliza. Msalaba umesimama, saruji imekauka vizuri, Abraham alikuja na lori tupu ili abebe viti vya kanisani. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mazishi, maana wengi wameshavuna. Wali ulitosha.

Hezekia alisoma karatasi yako ya kwanza. Alipomtaja yule mkulima wa kwenye ngazi, wazee kama watatu waliguna, nadhani kila mmoja alidhani ni yeye. Kisha akanyamaza. Nilijua amefika mwisho wa karatasi na ananitazama. Nilisikia jua kwenye magoti yangu. Sitakudanganya, nilitamani aketi. Nilifikiria wazazi wa wale watoto, na Sostenes, na kigoda changu hapa uani. Halafu nikasema kwa sauti, "Endelea, Mwalimu, kuna ya pili."

Akaendelea. Alipomaliza nikangoja minong'ono, haikuja. Akasimama kijana mmoja nyuma kule, nikamtambua kwa sauti, ni Sixbert, nilimfundisha, sasa ana bodaboda hapa senta. Akasema, "Mwalimu, shikamoo. Sisi tulijua." Nikamuuliza mlijua nini. Akasema kila mwanzo wa muhula, kabla ya kengele, mama yako alipita darasani akielekea kazini. Aliwapanga kwenye madawati, akawaambia kila mtu akae hapo hapo mwaka mzima, na anayetaka kujibu ataje jina lake kwanza. Akawaambia, "Mwalimu wenu anajua mengi kuliko anayoyaona. Atakayemcheka atanikuta." Na hakuna aliyecheka, alisema, kwa sababu ndiye pia aliyewaandikia "Vizuri sana" kwenye madaftari, na walijua ni yeye.

Darasa zima walijua, Severina. Madarasa tisa. Wakaenda nyumbani kwao, wakaoa, wakazaa, hakuna aliyemwambia hata mama yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikijificha peke yangu. Nililia mbele za watu, na mchungaji akaruka wimbo mmoja.

Sostenes alikuja baadaye akanishika mkono. Alisema wasifu wako ulikuwa mrefu kidogo, ila ni mzuri. Abraham ananipeleka hospitali ya macho wiki ijayo. Wanasema kilichokwisha kimekwisha, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa.

Kuhusu uhamisho, Hezekia ananiuliza tumjibu nini mtoto. Nimemwambia aweke kalamu mezani aende akale.

sasa naandika mimi. nimeweka rula chini ya mstari. ikipandana soma polepole

severina usihame

hao akina mama wanne ni wako. mimi nina hezekia na kuku. ile barua ichane

nakuomba radhi mwanangu

baba